Neno «haki» na tafsiri zake: kutoka Kiarabu hadi Kiswahili cha Kongo

0. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia kila siku bila kujiuliza, «haki» lina nafasi ya pekee. Mtoto hulitamka anapogawiwa chakula pungufu kuliko nduguye. Mfanyakazi hulitamka mwisho wa mwezi. Mhubiri hulitamka kanisani au msikitini. Wakili hulitamka mbele ya hakimu. Wote wanne wanasema neno moja, lakini hawasemi jambo moja. Maadamu wamo ndani ya Kiswahili, muktadha huwasaidia kuelewana. Tatizo huanza neno hilo linapotakiwa kubeba maana ya neno la lugha nyingine, hasa neno la Kifaransa «droit».

Tatizo hilo si la kamusi peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inakitaja Kiswahili katika kifungu chake cha kwanza kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaipa Serikali wajibu wa kueneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa kwake. Kifungu cha 18 nacho kinaamuru kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na aelezwe haki zake. Mtu aliyeketi mbele ya polisi akilisikia neno hilo na kulielewa vingine, amekosa kile ambacho Katiba ilikusudia kumpa.

Makala haya yanachunguza kwanza asili ya neno «haki», kisha njia lililopitia katika lugha mbalimbali zilizolipokea, halafu mahali linapokutana na kuachana na maneno ya Kifaransa na ya lugha jirani. Mwisho yanatazama hali yake katika Kiswahili cha Kongo, na kinachompasa mfasiri.

1. Asili ya neno na jamaa zake

«Haki» limetoka katika Kiarabu «haqq», neno lenye maana nyingi tangu zamani: ukweli, jambo lililothibitika, kitu kinachomstahili mtu, dai, deni. Katika dini ya Kiislamu, «al-Haqq», yaani Mwenye Ukweli au Ukweli wenyewe, ni mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu. Katika Kiebrania, lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu, mzizi wenye konsonanti hizo unahusu kuchonga na kuandika amri, na neno «hoq» ni amri iliyowekwa. Kwa hiyo wazo la jambo lililokazwa, lisiloweza kufutwa kwa urahisi, limo katika mzizi huo kabla ya wazo la mahakama.

Ni muhimu kukumbuka kwamba katika Kiarabu «haqq» ina pande mbili. Ikifuatwa na kihusishi «li», ni kitu ambacho mtu anakistahili. Ikifuatwa na kihusishi «alā», ni kitu kinachomlazimu mtu. Neno moja, basi, lataja mwenye kudai na mwenye kudaiwa, kama vile deni moja linavyowahusu watu wawili. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walitofautisha haki za Mungu na haki za waja wake, na katika mafungu yote mawili walikuwa wakifikiria jambo ambalo mtu fulani hana budi kulitimiza. Kiswahili kimeshika upande mmoja, ule wa mwenye kudai. Kwa upande wa pili kimechukua neno jingine la Kiarabu, «wajibu».

Kutoka katika mzizi uo huo Kiswahili kimepata maneno mengine, ambayo mara nyingi wasemaji hawatambui udugu wake: «hakika», «uhakika», «hakikisha», «hakiki» pamoja na «uhakiki» wa fasihi, na «stahiki». Mhakiki wa riwaya na mdai wa mshahara wanatumia, kwa asili, mzizi mmoja: wa kwanza anatafuta kilicho kweli, wa pili anatafuta kilicho chake.

Kinyume chake, maneno mengine hudhaniwa kuwa jamaa ya «haki» ilhali si jamaa. «Hakimu», «hukumu», «mahakama» na «hekima» yametoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu wenye konsonanti h, k na m. Kiarabu hutofautisha k na q. Kiswahili kimezifanya kuwa k moja. Hivyo msikilizaji wa leo huona kwamba hakimu ni mtu wa haki kwa jina lake, kama kwamba lugha yenyewe imempa kazi hiyo. Kwa asili, hakimu ni mwenye kuamua. Kama uamuzi wake ni wa haki au si wa haki, jina lake halisemi. Hata hivyo, udugu wa kudhaniwa una nguvu yake katika matumizi, na haifai kuudharau: wananchi wengi huingia mahakamani wakiamini kwamba majina hayo mawili yana ahadi moja.

2. Neno lilivyosafiri katika lugha nyingine

Kiswahili si lugha pekee iliyolipokea neno hili. Kuzitazama lugha nyingine kunasaidia kuona kile ambacho Kiswahili kimechagua na kile ambacho kimeacha.

Katika Kituruki «hak» ni haki ya mtu, na wingi wa Kiarabu, «hukuk», umekuwa jina la sheria kwa jumla na la elimu yake. Kitivo cha Sheria huitwa kwa Kituruki kitivo cha «hukuk». Katika nchi za Kiarabu pia, kama Misri, kitivo hicho huitwa kitivo cha «huquq», yaani, neno kwa neno, kitivo cha haki. Aidha, Mturuki humwambia mwenzake «haklısın», «una haki», kwa maana ya «umesema kweli». Watu wanapoagana kwa safari ndefu au mmoja wao anapokaribia kufa, huombana wahalalishiane haki walizo nazo mmoja kwa mwingine, yaani wasameheane madeni yaliyosahauliwa. Hapo maana ya zamani ya deni ingali hai.

Katika Kiajemi wingi huohuo, «hoquq», unataja mambo matatu: haki, elimu ya sheria, na mshahara. Mfanyakazi wa Tehran anayesema kwamba hajapata «hoquq» yake anazungumza juu ya fedha za mwezi. Msomaji wa Lubumbashi hatashangaa, kama itakavyoonekana mbele.

Katika Kiindonesia «hak» ni haki ya mtu au umiliki, wakati «hukum», neno lililo ndugu ya «hukumu» yetu, limekuwa jina la sheria. Kiindonesia husema «hak» na «kewajiban» pale ambapo Kiswahili husema «haki na wajibu»: lugha mbili zilizo mbalimbali kabisa zimeunganisha maneno mawili yaleyale ya Kiarabu kutaja jozi moja ya kisiasa. Katika Kihausa, haki za binadamu huitwa «hakkin ɗan Adam», haki za mwana wa Adamu; na «binadamu» ya Kiswahili nayo, kwa asili, si kitu kingine ila mwana wa Adamu.

Mifano hii yatosha kuonyesha kwamba neno lililokopwa halisafiri na mzigo wake wote. Kila lugha hufungua mzigo, huchukua inachohitaji, na kingine hukipa jina jingine. Kituruki na Kiajemi vimeruhusu neno hili liwe jina la sheria. Kiindonesia na Kiswahili vimekataa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba «haki» ni neno la Kiarabu, amesema kweli kuhusu asili yake, lakini hajaeleza bado maana yake katika Kiswahili.

3. Mpangilio wa Kiswahili

Katika Kiswahili sanifu maana za «haki» zaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni haki kama kitu alicho nacho mtu: haki ya kupiga kura, haki ya kurithi, haki za watoto. Haki ya namna hii hudaiwa, hutolewa, hunyimwa, hulindwa, na katika usemi mkali zaidi huliwa, kama inaposemwa kwamba fulani amekula haki ya yatima.

Fungu la pili ni haki kama sifa ya tendo au ya hali: kugawa kwa haki, hukumu ya haki, nchi yenye haki. Hapa haki si mali ya mtu mmoja. Ni uwiano kati ya watu. Katika wimbo wa taifa wa Kenya, neno «haki» la matini ya Kiswahili linasimama mahali pa «justice» katika matini ya Kiingereza. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo imeandikwa kwa Kiswahili, inatumia «haki» katika mafungu yote mawili: sehemu moja yataja haki na wajibu wa watu, na nyingine yataja utoaji haki kuwa kazi ya Mahakama.

Fungu la tatu ni haki kama uadilifu wa mtu mbele ya Mungu. Katika tafsiri za Biblia, «haki» imewekwa mahali pa neno la Kigiriki «dikaiosynē», na «mwenye haki» ni mtu mwema, mnyofu. Kifaransa husema «justice» na «le juste». Kiingereza kina neno la pekee kwa maana hii ya kidini, mbali na «justice». Kiswahili, kama Kifaransa, hakikutenganisha.

Fungu la nne ni mabaki ya maana ya ukweli. Leo ukweli huitwa «kweli», neno la Kibantu, na «haki» imeachwa katika kiapo: «Haki ya Mungu!» Anayeapa hivyo hataji dai lolote la Mungu, anathibitisha kwamba asemalo ni kweli.

Je, msikilizaji hutofautisha vipi mafungu haya? Sarufi humsaidia. «Haki» ni nomino ya ngeli isiyobadilika umbo katika umoja na wingi; tofauti huonekana katika upatanisho. «Haki zake» ni mambo kadhaa yanayoweza kuhesabiwa: fungu la kwanza. «Haki yake ya kusema» ni jambo moja, lenye mwenyewe na lenye kitenzi kinacholieleza: fungu la kwanza tena. «Haki itendeke» haina mwenyewe wala hesabu: fungu la pili. Kwa ufupi, kile ambacho Kifaransa kimegawia maneno mawili, «droit» na «justice», Kiswahili kimekigawia upatanisho na vijalizo vinavyoifuata nomino. Jambo hilo ni dogo katika kitabu cha sarufi, lakini ni kubwa katika tafsiri.

4. «Droit», «loi», «justice»

Kilatini kilitofautisha «ius» na «lex»: ya kwanza ni haki na utaratibu wa haki kwa jumla, ya pili ni sheria iliyotungwa na kutangazwa. Kijerumani kimefuata kwa «Recht» na «Gesetz», Kifaransa kwa «droit» na «loi». Kiingereza kimekata mahali pengine: «law» ni sheria iliyotungwa pamoja na mfumo mzima wa sheria, na «right» ni haki ya mtu. Kiswahili kimekata karibu na Kiingereza: «sheria» kwa mfumo na kwa kila amri yake, «haki» kwa kitu cha mtu. Lakini Kiswahili kimeongeza katika «haki» maana ya «justice», ambayo Kiingereza kimeitenga.

Kutokana na hayo, «droit» ya Kifaransa haina tafsiri moja. «Les droits de l'homme» ni haki za binadamu. «La faculté de droit» ni Kitivo cha Sheria. «Le droit coutumier» ni sheria za mila. «Les droits de douane» ni ushuru wa forodha, na «les droits d'inscription», ambazo kila mwanafunzi wa chuo kikuu anazijua, ni ada za kujiandikisha. Anayeandika «haki za kujiandikisha» katika mfano huu wa mwisho amegeuza jambo juu chini: Kifaransa kinasema kile ambacho mwanafunzi lazima alipe, na Kiswahili kinasema kile ambacho mwanafunzi lazima apewe.

«Justice» nayo ina matata yake. Katika Kifaransa ni fadhila, lakini pia ni chombo cha dola: «aller en justice» ni kwenda mahakamani, na «le palais de justice» ni jengo la mahakama. Kauli ya taifa la Kongo, «Justice, Paix, Travail», husemwa kwa Kiswahili «Haki, Amani, Kazi», na hapo «haki» ni fadhila. Kinyume chake, watu wanaompiga mwizi hadi kufa husemwa kwa Kifaransa kwamba wamejitendea «justice» wenyewe. Kiswahili husema kwamba wamejichukulia sheria mkononi. Kiswahili kimekataa kuliita tendo hilo haki.

Mahali penye uzito zaidi ni usemi «État de droit», unaotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya mwaka 2006. Wafasiri husitasita kati ya «nchi ya haki» na «nchi inayotawaliwa kwa sheria». Usemi wa kwanza unavutia, lakini unaahidi zaidi ya matini, kwa maana sheria inaweza kufuatwa kikamilifu na haki isiwepo. Historia ya Kongo ina mfano ulio wazi. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitoa agizo lililozifanya ardhi zilizoitwa tupu kuwa mali ya dola. Misitu ya kuwindia na mashamba yaliyopumzishwa yakahesabiwa kuwa ardhi tupu. Agizo lilikuwa sheria, limeandikwa na kutangazwa. Lakini mkulima aliyeambiwa kwamba shamba la babu yake halina mwenyewe alipoteza haki kwa nguvu ya sheria hiyohiyo. Lugha inayotenganisha «sheria» na «haki» inaweza kuyasema hayo kwa sentensi moja. Lugha inayoyaita yote mawili «droit» huhitaji kueleza kwa maneno mengi.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yatoa mfano mwingine. Iliifanya ardhi kuwa mali ya dola peke yake, na watu binafsi wakaachiwa «droit de jouissance», yaani haki ya kutumia. Kifungu chake cha 389 kilisema kwamba haki za kutumia ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zingepangwa kwa agizo la Rais wa Jamhuri. Miongo ikapita bila agizo hilo kutolewa. Mfasiri akiandika tu «haki ya ardhi», mwanakijiji ataelewa kwamba ardhi ni yake. Akiandika «haki ya kuitumia ardhi, si ya kuimiliki», mwanakijiji ataelewa alicho nacho na alichokosa. Neno moja la ziada laweza kuzuia ugomvi wa miaka mingi.

5. Lugha jirani

Wasemaji wengi wa Kiswahili nchini Kongo wana lugha nyingine ya kwanza, na kila lugha inalikaribia jambo hili kwa njia yake.

Katika Kilingala, haki za mtu huitwa «makoki», neno linalohusiana na kitenzi «kokoka», kuweza, kutosha, kustahili. Haki, kwa mtazamo huo, ni uwezo. Haki kama fadhila huitwa «bosembo», kutoka katika wazo la kunyooka. Tshiluba nacho kina «bululame», unyofu, kutoka katika kitenzi cha kunyooka. Inapendeza kuona kwamba «droit» ya Kifaransa imetoka katika Kilatini «directum», kilichonyooka, na kwamba Kiswahili chenyewe kina «unyofu», kutoka katika «nyooka». Msemaji wa Kilingala au wa Tshiluba anayejifunza Kifaransa anakuta hapo sura anayoifahamu. Katika «haki» ya Kiswahili haikuti.

Mashariki, Kinyarwanda husema «uburenganzira» kwa haki ya mtu, neno ambalo pia ni ruhusa, na «ubutabera» kwa haki ya mahakama, ambalo kiini chake ni kutopendelea. Kirundi husema «agateka», neno ambalo pia ni heshima na hadhi. Kwa hiyo mtu wa Bujumbura anapozungumza juu ya haki za binadamu kwa lugha yake, anazungumza papo hapo juu ya heshima ya mtu.

Uwezo, ruhusa, hadhi, unyofu, kutopendelea: kila lugha imeshika upande mmoja wa jambo. Hatari ndogo imo hapa kwa mfasiri wa Kivu au wa Kasai. Mtu ambaye katika lugha yake haki na ruhusa ni neno moja anaweza kulisikia «una haki ya kusema» kama «umeruhusiwa kusema». Lakini ruhusa hutolewa na mkubwa, na mkubwa aweza kuiondoa. Haki hutangulia mkubwa.

6. «Haki» katika Kiswahili cha Kongo

Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki kwa misafara ya biashara iliyotoka Zanzibar na pwani. David Livingstone alipofika Nyangwe, katika Maniema, mwaka 1871, aliwakuta wafanyabiashara hao wamekwisha kukaa huko. Baadaye utawala wa kikoloni, misheni na kambi za wafanyakazi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, viliieneza lugha hiyo hadi kusini mwa Katanga. «Haki» imepitia njia hizo zote, na kila moja imeiachia alama.

Alama ya kwanza ni ya kanisa. Kwa waumini wengi, haki ni kwanza unyofu wa mtu mbele ya Mungu. Katika masikio hayo, kumwambia mtuhumiwa kwamba ana haki kwaweza kusikika kama kumwambia kwamba hana hatia.

Alama ya pili ni ya kazi. Mfanyakazi aliyeachishwa anaposema «sijapata haki yangu», anataja fedha: mshahara uliobaki na malipo ya mwisho. Mji wa Lubumbashi na miji jirani ililijua jambo hilo vema tangu mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka Gécamines kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na suala la malipo yao likajadiliwa kwa miaka mingi. Matumizi hayo si makosa ya lugha. Ni maana ya zamani ya deni, ileile ya Kiajemi na ya Kituruki, iliyochipuka tena penye mahitaji yanayofanana.

Alama ya tatu ni ya Kifaransa. Mjini, «droit» husemwa ndani ya sentensi ya Kiswahili bila kutafsiriwa, hasa na watu waliosoma. Maneno hayo mawili yameanza kugawana kazi: «droit» kwa yale ya ofisini na ya sheria, «haki» kwa yale ya maadili na ya malipo. Mgawanyo huo ukizidi, «haki» itabaki na uzito wa moyo, lakini itapoteza nguvu mbele ya ofisi.

Alama ya nne ni ya sarufi, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi upatanisho wa ngeli umerahisishwa. Mara nyingi «ya» hutumika kwa umoja na kwa wingi, pale ambapo Kiswahili sanifu kingetaka «za». «Haki ya mutu» yaweza kuwa haki moja ya mtu, haki zake zote, au lile analodai alipwe. Matini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili sanifu hutegemea tofauti ya «ya» na «za» ili kuonyesha kama ni mambo kadhaa au ni jambo moja. Msikilizaji ambaye lugha yake haina tofauti hiyo hapati ishara. Matini yaweza kuwa sahihi kwa kila herufi, na isifike.

7. Hitimisho: kazi ya mfasiri

Yaliyoelezwa yaonyesha kwamba «haki» si tafsiri ya «droit», wala si tafsiri ya «justice», ingawa yaweza kusimama mahali pa kila moja. Inaunganisha yale ambayo Kifaransa kinatenga, yaani kitu cha mtu na fadhila. Na inatenga yale ambayo Kifaransa kinaunganisha, yaani kitu cha mtu na mfumo wa sheria. Mfasiri mwema hatafuti neno moja la kudumu; anauliza maswali. Je, «droit» hii ina mwenyewe? Kama inaye, ni «haki», na inafaa mwenyewe atajwe. Je, ni mfumo au elimu? Basi ni «sheria». Je, ni fedha zinazolipwa ofisini? Basi ni «ada» au «ushuru». Je, ni fadhila? Basi «haki» yafaa, na pengine «uadilifu» utaondoa shaka.

Swali la mwisho ndilo linalorudisha upande uliopotea katika safari kutoka Kiarabu: ni nani anayedaiwa? Kwa kuwa Kiswahili kimeiachia «wajibu» upande huo, sentensi yenye «haki» peke yake humwonyesha mwenye kudai bila kumwonyesha mwenye kulipa. Katika matini za sheria inafaa wote wawili waonekane.

Kifungu cha 18 kinaweza kutumika kama jaribio. Kifungu hicho chasema kwamba aliyewekwa chini ya ulinzi aweza kuwasiliana mara moja na jamaa zake na wakili wake, na kwamba ulinzi huo hauwezi kupita saa 48. Muda huo ukiisha, ni lazima aachiliwe au afikishwe kwa wakuu wa sheria wanaohusika. Anayemwambia mtu huyo «una haki zako» ametafsiri neno, na huenda aliyekamatwa akaelewa kwamba hana kosa, au kwamba kuna fedha atalipwa. Anayemwambia: «Sheria yakupa haki ya kuwaita jamaa zako na wakili wako sasa hivi, na polisi hawana ruhusa ya kukuzuia, saa 48 zikiisha, ni lazima wakuachilie au wakupeleke mbele ya wakuu wa sheria», ametafsiri kifungu. Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini haitegemei «ya» wala «za», na yaeleweka Dar es Salaam, Bukavu na Lubumbashi vilevile.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, istilahi za sheria zilizotungwa Tanzania na Kenya kwa kutazama Kiingereza zinakutana zaidi na mahakama zinazofikiri kwa Kifaransa. Kuzipokea ni faida. Kuzipokea bila kuzipima ni hasara. Idara za Kiswahili na vitivo vya sheria vina hapo kazi ya kufanya pamoja: kukusanya matumizi ya «haki» jinsi yanavyosikika sokoni, kazini na mahakamani, kabla ya kuamua ni lipi litakaloandikwa katika matini ambazo Katiba inataka ziwafikie wananchi wote.